Landrova ya Babu Yangu

Mwezi wa Julai mwaka wa 2025, siku chache baada ya kurudi kutoka likizo, Chama cha Mdahalo cha shule yetu kilikutana katika bwalo. Hoja iliyowekwa mbele yetu ilikuwa hii: "Kitu kilichosifika kikiundwa upya hupoteza thamani yake." Mimi niliwekwa upande wa wapinzani. Ilikuwa Jumamosi jioni, na bwalo lilijaa hata wengine wakasimama madirishani.

Mtetezi wa kwanza, ambaye ni mwenzangu wa kidato cha nne, alikuja na picha ya gari la Kimarekani la kwenda mbio liitwalo Corvette, akaiinua juu ili wote waione. Alisema kuwa gari hilo lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini New York mwezi wa Januari 1953, na kuwa mwaka ule yalitengenezwa magari 300 tu, yote meupe. Tangu wakati huo injini yake ilikaa mbele, chini ya boneti ndefu, na watu walilitambua kwa mbali kwa boneti hiyo. Lakini mwezi wa Julai 2019 ilionyeshwa Corvette ya namna ya nane, injini imehamishiwa nyuma ya kiti cha dereva na boneti imefupishwa. "Sasa nawauliza ninyi," akasema mtetezi, "mtu akilitoa jiko uani akalipeleka sebuleni, nyumba hiyo bado ni ile ile?" Watu wakacheka, wakampigia makofi mengi.

Ilipofika zamu yangu nilijibu kama nilivyoweza. Nilisema kuwa gari lile husukumwa na magurudumu ya nyuma, na nguvu za injini zilipozidi kuongezwa mwaka baada ya mwaka, magurudumu hayo yakawa yanazunguka bila kushika barabara, kwa sababu uzito wa injini uko mbele. Nikawakumbusha wenzangu kwamba kila aliyepanda pikapu tupu katika barabara zetu za Tarime wakati wa masika anajua jambo hili, maana utingo huwaambia abiria waende kukaa nyuma kabisa, juu ya ekseli, ili gari lipate kupanda. Wamarekani wamefanya yale yale kwa injini yao. Nikaongeza kuwa mhandisi Zora Arkus-Duntov, aliyeanza kazi katika kampuni ile mwaka 1953, alilitaka badiliko hili kwa miaka mingi, akafariki mwaka 1996 bila kuliona. Tena nikasema kuwa Corvette hiyo mpya ndiyo ya kwanza kutoka kiwandani ikiwa na usukani upande wa kulia, hata ikawafaa watu wa nchi zinazoendesha kushoto kama yetu.

Nilipokuwa nikijiandaa kuketi, kijana mmoja wa kidato cha pili aliomba nafasi, akauliza: "Ndugu mpinzani, umetusimulia habari za Wamarekani. Wewe mwenyewe umewahi kuona kitu gani kikiundwa upya, kikafaa zaidi?" Nilikuwa na jibu, tena jibu la nyumbani kwetu. Lakini jibu hilo lina aibu yangu ndani yake, nami sikutaka kuisema mbele ya watu wote wale. Nikasema, "Sina mfano wa karibu," nikakaa. Kura zilipopigwa tulishindwa. Usiku ule sikulala vizuri, si kwa sababu ya kushindwa, bali kwa sababu nilikuwa nimesema uongo kwa mara ya pili juu ya jambo lile lile. Kwa hiyo namwomba Mhariri anipe nafasi nimjibu kijana yule hapa.

Kwetu ni wilaya ya Serengeti, katika kijiji kilicho kilomita 20 hivi kutoka mjini Mugumu. Babu yangu alikuwa dereva wa serikali zamani, na mwaka 1986 alinunua Land Rover kuukuu katika mnada mjini Musoma. Ni ile iitwayo mia na tisa, kwa sababu toka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni inchi 109. Katika kijiji chetu hakuna aliyesema "gari la mzee fulani." Watu walisema "Landrova" tu, kana kwamba hakuna nyingine duniani. Ilibeba pamba, mahindi, ndama, saruji ya darasa la kwanza la shule ya msingi, maharusi na maiti. Na zaidi ya yote ilibeba wagonjwa. Mtu akizidiwa usiku, watu walikuja kubisha mlango wa babu, naye alitoka na koti lake la mvua bila kuuliza habari ya pesa.

Ilikuwa na injini yake ya asili, ya petroli, ya silinda nne na lita mbili na robo. Sauti yake tuliijua tukiwa mbali porini na ng'ombe. Lakini tangu masika ya mwaka 2023 pampu yake ya maji ilikuwa ikivuja, na ya kubadilisha haikupatikana karibu. Mshale wa kuonyesha joto la injini ulikuwa umekufa siku nyingi. Basi babu aliweka sheria: kila jioni mtoto mmoja afungue rejeta na kutia maji mpaka yajae. Katika likizo kazi hiyo ilikuwa yangu.

Siku moja ya Desemba 2024 nilikwenda senta kutazama mpira katika televisheni. Nilirudi giza limeingia, nina njaa, na mvua inaanza kunyesha. Babu akaniuliza toka ndani, "Maji umetia?" Nikajibu, "Nimetia, babu." Nilijiambia kuwa nitatia asubuhi, kwa maana gari halikuwa na safari.

Yapata saa nne za usiku mama mdogo, mke wa baba yangu mdogo, alishikwa na uchungu wa kuzaa, nao haukuwa uchungu wa kawaida. Bibi alipomwona alisema maneno mawili tu: "Washeni gari." Babu alishika usukani. Mama mdogo alilazwa nyuma juu ya godoro, bibi akimshika, na mimi na baba mdogo tukakaa mlangoni tayari kusukuma kama tukikwama. Baba yangu alikuwa Mugumu kazini, maana yeye ni fundi wa magari huko.

Wasomaji wenzangu, nilipoiona ile Landrova ikiwashwa nilikumbuka maji. Ningeweza kusema, "Babu, ngoja kidogo." Kutia maji kungechukua dakika tano. Sikusema, kwa kuogopa kuonekana mwongo mbele ya watu, na kwa kujidanganya kuwa ya jana yatatosha.

Hayakutosha. Tulipopanda mlima wa pili, kilomita nane hivi kutoka nyumbani, tulisikia harufu ya kuungua, kisha injini ikagonga mara tatu kama nyundo, ikazimika. Babu alifungua boneti kwenye mvua, moshi ukamfunika. Akawasha, haikuzunguka hata kidogo. Bonde lile halina mtandao wa simu, kwa hiyo baba mdogo alikimbia mpaka juu ya kilima, akampata kijana mmoja wa bodaboda. Mama mdogo alipakiwa katikati, kijana mbele na bibi nyuma akimkumbatia, wakaondoka polepole katika matope, naye akilia kwa sauti ambayo sijaisahau. Babu alibaki na gari. Mimi na baba mdogo tulitembea kilomita 12 zilizobaki.

Tulifika hospitali kabla ya alfajiri. Mtoto alikuwa amezaliwa, wa kiume, lakini alichelewa kulia, na mama alikuwa amepoteza damu nyingi. Wote wawili walikaa hospitali siku tisa. Muuguzi alimwuliza baba mdogo, "Kwa nini mmechelewa hivi?" Akajibu, "Gari limetuharibikia njiani." Nilikuwa nimesimama pale pale, nimeloa, nikanyamaza.

Ilipovutwa nyumbani, baba yangu aliifungua injini akakuta kichwa cha silinda kimepasuka na pistoni mbili zimekwama. Alisema, "Pampu imekufa njiani. Baba, injini hii imezeeka. Tutoe, tutie ya dizeli ya Toyota." Babu akakataa. Akasema, "Pampu inavuja tangu mwaka juzi, nayo ilitiwa maji jioni ile ile. Injini hii imenichukua miaka 38, haijanidanganya hata mara moja. Lazima kuna jambo jingine." Baba akasema kuwa vipuri vyake ni haba na vikipatikana ni ghali. Babu akasema kuwa Landrova isiyo na injini ya Landrova ni bati tupu. Baba akapandisha sauti kwamba kama ni hivyo heri iuzwe chuma chakavu kuliko kumwua mtu siku nyingine. Neno hilo lilimwumiza babu sana. Toka siku hiyo hawakula pamoja. Baba alipokuja Jumapili, babu alitoka kwenda kuangalia ng'ombe.

Nami nilikuwa katikati yao, nikiwa ndiye pekee niliyejua kilichoiua injini. Kila nilipotaka kusema, niliona siku zimekuwa nyingi zaidi, na uongo umekuwa mkubwa zaidi. Baba alikuwa akishindana kwa hoja isiyo ya kweli, na babu alikuwa akiaibishwa kwa kusema kweli.

Jioni ya mwisho kabla sijarudi shuleni Januari, baba alikuja kuniaga. Babu alikuwa amekaa nje kwenye kigoda. Nilipiga magoti nikasema, "Babu, siku ile sikutia maji. Nilikwenda kutazama mpira. Nilikuambia uongo."

Baba alisimama kwa ghadhabu. Babu akamwashiria kwa mkono akae.

"Hata kopo moja?" akauliza.

"Hata kopo moja, babu."

"Na siku ya kabla yake?"

"Siku ya kabla yake nilitia. Makopo mawili."

Babu alikaa kimya kwa muda, akihesabu kwa vidole. Kisha akasema polepole, "Basi ilipanda milima miwili karibu haina maji, na mtu mgonjwa ndani. Injini haikunidanganya." Nikaona uso wake umelegea, kama mtu aliyeambiwa kuwa rafiki yake hakuiba. Halafu akanitazama. "Wewe ndiwe uliyenidanganya. Kesho, kabla hujapanda basi, utakwenda kumwambia mama yako mdogo kwa kinywa chako. Mimi sitakusemea."

Kisha akamgeukia baba, na neno alilosema sote hatukulitazamia: "Sasa itoeni."

Baba alishangaa. Akasema, "Baba, si umesikia kuwa kosa halikuwa la injini?" Babu akajibu, "Nimesikia. Mlipokuwa mnaitukana nilikataa, kwa sababu haikustahili matusi. Sasa imesafika, inaweza kupumzika. Lakini gari ambalo uhai wa mzazi unategemea kopo la maji la mtoto, hilo lilikuwa linangoja tu siku mtoto atakaposahau. Nami ndiye niliyeliacha hivyo mwaka mzima na zaidi. Itoeni."

Asubuhi nilikwenda kwa mama mdogo. Alikuwa akipukuchua mahindi, mtoto yu mgongoni. Nilimwambia yote. Hakunijibu neno. Alimfungua mtoto, akanipa nimshike, akaendelea kupukuchua mpaka debe likajaa. Sikujua kama huko ndiko kusamehewa au sivyo, wala mpaka leo sijamwuliza.

Muhula ule wa kwanza nilisoma kila nilichokipata juu ya gari lile, na mwalimu wetu wa fizikia alinisaidia. Nilistaajabu kuona kuwa Land Rover yenyewe ilizaliwa kwa kuundwa upya gari la Kimarekani. Mwaka 1947 Maurice Wilks wa kampuni ya Rover ya Uingereza alikuwa na shamba katika kisiwa cha Anglesey, naye huko alitumia Jeep iliyobaki ya jeshi la Marekani kutoka vita kuu ya pili. Alifikiri, Jeep hii ikichakaa nitapata wapi nyingine? Akaunda gari la majaribio juu ya chasisi ya Jeep, usukani wake ukiwekwa katikati kabisa, ili lifae nchi ya kuendesha kulia na nchi ya kuendesha kushoto. Usukani wa katikati haukuendelea. Gari lilionyeshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Bodi yake ilikuwa ya aluminiamu kwa sababu baada ya vita chuma kilikuwa adimu Uingereza. Watu leo husifu bodi ya Landrova kuwa haili kutu, lakini asili ya sifa hiyo ni uhaba.

Tangu hapo haikuacha kubadilika. Inchi 109 zilikuja mwaka 1956, na taa zikahamia kwenye mabawa katika miaka iliyofuata. Baadaye springi za mabamba zilizotupa mateke zikatolewa, zikatiwa za kujiviringisha. Jina la Defender lilitolewa mwaka 1990. Gari la mwisho la ukoo ule lilitoka katika kiwanda cha Solihull tarehe 29 Januari 2016, baada ya magari kama milioni mbili. Septemba 2019 ikaonyeshwa Defender mpya, ambayo haina chasisi ya peke yake kama ya zamani, maana bodi nzima ni kitu kimoja cha aluminiamu, nayo hutengenezwa Nitra, nchini Slovakia. Wapenzi wengi wa ile ya zamani walinung'unika kama wapenzi wa Corvette walivyonung'unika mwaka ule ule. Hapa kwetu mapenzi hayo hayajafa, kwani Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, zikaja kwa mamia, nzee na mpya.

Wala mafundi wa Afrika ya Mashariki hawakungoja wenye viwanda. Magari ya watalii tunayoyaona yakipita Mugumu kwenda lango la Ikoma mengi ni Land Cruiser zilizokatwa katikati na kurefushwa ili kuongeza viti, na paa lake likafanywa la kuinuka ili watu wasimame kutazama wanyama. Nairobi kampuni moja iliyoanza kwa jina la Opibus, na ambayo tangu 2022 inaitwa Roam, iliwahi kutoa injini katika magari ya namna hiyo ikatia mota za umeme. Wote hawa walijiuliza swali moja: gari hili linatakiwa kufanya kazi gani, na ni kitu gani kinalizuia?

Katika likizo ya Juni kazi ilianza kwetu. Babu aliuza ng'ombe wawili, ikanunuliwa injini ya dizeli ya Toyota iliyotumika, ile ya lita 2.8 iliyokuwa katika Hiace nyingi. Baba aliipenda kwa kuwa vipuri vyake vipo kila mahali, hata kwetu Mugumu, tena haina plagi wala distribyuta ya kulowa maji wakati wa kuvuka kijito. Dizeli huwaka kwa kushindiliwa hewa mpaka ipate joto.

Shida ilikuwa kuiunganisha injini ya Toyota na giaboksi ya Land Rover, maana matundu ya boliti hayalingani. Kati yao lazima liwekwe bamba la chuma lenye matundu ya pande zote mbili. Tena ncha ya shafti ya giaboksi huingia katika tundu dogo lililo katikati ya kranki ya injini. Kama vitovu hivyo viwili havikulingana, hata kwa unene wa ukucha, klachi itatetemeka na beringi zitaharibika upesi. Baba akaniambia, "Wewe unasoma jiometri. Chora."

Tulipaka grisi usoni mwa giaboksi, tukabandika karatasi la boksi la sabuni, alama za matundu zikatokea. Tukafanya vile vile kwa injini. Nilitafuta kitovu kwa bikari na rula usiku kucha. Asubuhi tulipolijaribu halikulingana, maana karatasi lilikuwa limevuta umande likatanuka. Nilikata tamaa. Babu, ambaye alikuwa akitutazama bila kusema kitu, akaenda nyuma ya nyumba akarudi na kipande cha bati. "Bati halinywi maji," akasema. Nilichora upya juu ya bati kwa msumari, nikapima mara tatu, na kila nilipomaliza nilimwita baba apime mwenyewe. Sikutaka tena kuaminiwa kwa maneno. Fundi wa kukereza vyuma wa Musoma alitengeneza bamba kwa kufuata bati lile, na lilipokuja boliti zote ziliingia kwa mkono.

Tuliweka rejeta kubwa zaidi, pampu mpya isiyovuja, na mshale wa joto unaofanya kazi. Baba akaongeza taa nyekundu mbele ya dereva, iwake joto likizidi.

Siku ilipowashwa, watu walikusanyika. Iliunguruma kwa sauti nzito ya Hiace. Bibi akasema, "Hii si Landrova, hii ni basi." Watoto wakacheka, lakini babu hakucheka. Nami nilisikitika, kwa maana sauti ile ya zamani haitasikika tena bondeni kwetu. Hata safari ya kwanza alipopita senta hakuna aliyetoka kumpungia mkono, kwa sababu hawakujua kuwa ni yeye, mpaka alipopiga honi. Tena kazi yetu haikukosa kasoro. Usukani umekuwa mzito kuliko zamani, na kishikio kimoja cha injini kilipasuka wiki ya pili, kikalehemiwa upya kwa chuma kinene zaidi.

Lakini mwishoni mwa Juni, usiku, mlango wa babu ulibishwa. Mzee mmoja jirani alikuwa ameshindwa kupumua. Babu alitoka na koti lake lile lile, nami nikakaa nyuma na mgonjwa kama desturi. Tulipanda mlima wa kwanza, tukapanda wa pili. Nilikuwa nikiuangalia ule mshale kwa juu ya bega la babu, nao ulisimama katikati, hautikisiki. Tulifika Mugumu kwa muda usiozidi nusu saa, na mzee yule yu hai hadi leo. Alfajiri tulipokuwa tukirudi, mwanamke mmoja aliyekuwa akienda kisimani aliiona taa, akasema kwa sauti, "Landrova imepeleka nani?" Babu akacheka peke yake. Nadhani hapo ndipo alipojua kuwa gari bado ni lake.

Injini ya zamani haikuuzwa. Ipo chini ya mwembe, juu ya magogo mawili, imefunikwa kwa turubai. Mtu akiuliza, babu husema, "Huyu amestaafu."

Basi, kijana wa kidato cha pili uliyeniuliza swali, jibu langu ndilo hili. Nimeona kitu kilichosifika kikiundwa upya, na kuna kilichopotea, nami sitakuficha. Lakini gari la kwetu lilisifika kwa sababu liliwafikisha watu, na sifa hiyo isingedumu kama tungelihifadhi likiwa limeharibika kwa kuipenda sauti yake. Jambo la pili nililojifunza ni hili: hakuna fundi awezaye kukiunda kitu upya vizuri ikiwa hajaambiwa ukweli juu ya kilichokiharibu. Baba angeweza kutia injini mpya tangu Desemba, nasi tungeendelea kumtegemea mtoto na kopo lake.

Pampu mpya haivuji, lakini sheria ya kuangalia maji kila jioni haijafutwa. Katika likizo ya Juni kazi hiyo nilirudishiwa. Zamani babu aliniuliza toka ndani, "Umetia?" na jibu langu lilitosha. Siku hizi haulizi. Nikimaliza huja mwenyewe na tochi, akafungua kifuniko, akaangalia, akafunga, akaniambia, "Haya, kalale." Sioni ubaya, kwa kuwa ni haki yake. Natumaini nitakapomaliza mtihani wa Novemba na kurudi nyumbani, itakuja siku moja atakapouliza tena toka ndani.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne